Benki Haifungui Jumapili

Nimewahi kuambiwa nimeghushi risiti ya pesa yangu mwenyewe.

Aliyeniambia alikuwa amevaa tai, tumekaa ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, huku ananisukumia glasi ya maji ili presha isinipande.

Sababu? Mhuri. Mhuri kwenye risiti yangu ulisema niliweka pesa benki siku ya Jumapili. Na benki haifungui Jumapili.

Kaa vizuri nikusimulie, maana hata leo nikikumbuka huwa nasaga meno.

Mimi ni dobi. Tuko watatu kwenye chumba kimoja cha mbele ya barabara. Mimi napokea nguo na kushika hesabu. Bi Pasi ananyoosha. Na wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye anayefua.

Jina langu pale kazini ni Sanduku. Walinibandika wao wenyewe, kwa sababu kinachoingia kwangu hakitoki bila ruhusa. Nililipenda sana hilo jina. Baadaye likaja kunichapa.

Wifi amefua kwa mikono miaka tisa. Mashuka ya nyumba za wageni, ovaroli za mafundi gereji, magauni ya harusi yenye shanga. Dawa na sabuni kali vimemla vidole mpaka vikapasuka kwenye maungio. Ikafika mahali akikamua shuka jeupe inabidi alisuuze tena, kwa sababu linabaki na damu.

Daktari alimwambia bila kuzunguka, "Ukiendelea hivi miaka miwili mingine, hata kijiko hutashika."

Ndipo tukaanza kuchanga ya mashine ya kufulia. Haba na haba, miaka miwili, mpaka tukapata fundi mwenye mashine kubwa iliyotumika. Akakubali kutuwekea mpaka mwisho wa mwezi. Ila pesa mkononi hataki, anataka ipitie benki.

Zilikuwa noti kubwa mia mbili na kumi. Nilizihesabu mara tatu mbele ya wenzangu, nikazifunga kwa uzi mwekundu, ule tunaofungia lebo kwenye nguo za wateja.

Wifi akanisindikiza mpaka mlangoni. "Sanduku," akaniambia, "hiyo ni mikono yangu umebeba."

Nikacheka. "Nitairudisha na vidole vyote kumi."

Ijumaa hiyo, tarehe kumi na nne, benki ilikuwa imejaa pomoni. Nyuma yangu alikuwa muuza nyama wa sokoni na aproni yake. Dirishani alikaa karani mjamzito, koti jeusi limegoma kufunga tumboni, uso umechoka.

Alizihesabu pesa zangu kwa mashine, kisha kwa mkono. Zilikuwa kamili. Akaanza kubonyeza bonyeza kompyuta.

Mtandao ukakata.

Foleni nzima ikaguna. Karani akafuta jasho, akaniambia, "Mama, pesa nimepokea. Mtandao ukirudi naingiza. Nakugongea mhuri, wewe nenda kaendelee na kazi."

Mhuri wake ukagoma, wino umekauka. Akavuta droo, akatoa mwingine wa zamani, akagonga risiti yangu, akagonga na nakala ya benki, ile fomu niliyoijaza kwa mkono wangu. Feni ilikuwa inapeperusha makaratasi yake, anayakandamiza kwa kiwiko.

Nikaangalia kiasi. Sawa. Nikaangalia sahihi. Ipo. Tarehe sikuangalia. Wewe huwa unaangalia?

Kesho yake, Jumamosi, nakumbuka tuligombana na Wifi kwa utani kama kawaida yetu. Lazima nikueleze kidogo kazi yetu ilivyo.

Dobi kabla hajalowesha nguo anapekua mifuko. Huko tumekuta funguo, hereni, dawa, pesa, hata jino la bandia. Marehemu mama yangu, aliyenirithisha kazi hii, alikuwa na sheria moja: cha mfukoni si chako, na ikiwa karatasi usiisome. Kitie kwenye bahasha, andika namba ya nguo, funga, weka kwenye kopo. Mwenyewe akija anakikuta.

Wifi sheria hiyo inamchosha. Kuna siku alisoma barua ya mapenzi ya mume wa mtu, akacheka wiki nzima. Sasa Jumamosi hiyo, kila akitoa kitu mfukoni ananichokoza.

"Karatasi hii hapa, imekunjwa vizuri. Nichungulie kidogo tu?"

"Tia bahasha."

"Labda ni barua nyingine."

"Wifi! Si yetu. Tia bahasha."

Akatia, akinisonya.

Jumatatu, meseji ya benki ilikuwa haijaingia. Nikaangalia salio. Akaunti yetu ilikuwa na vumbi tu la zamani.

Nikajipa moyo, nikaenda. Dada wa huduma kwa wateja, kucha ndefu, akanitazama kwa huruma ya kufundishwa. "Subiri saa arobaini na nane, mfumo utasoma."

Nikasubiri. Mfumo haukusoma.

Jumatano akaniambia njoo kesho. Alhamisi akaniambia anayehusika yuko kwenye kikao, njoo kesho. Ijumaa nikaingia nikiwa nimefunga kibwebwe. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Nikasema sitoki mpaka nimwone meneja.

Ndipo nikaingizwa kwenye ofisi ya kiyoyozi.

Meneja akaichukua risiti yangu. Akaigeuza. Akavua miwani, akavaa miwani. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Mama, uliweka pesa siku gani?"

"Ijumaa iliyopita. Tarehe kumi na nne."

"Hii inasema kumi na sita."

Nikainama. Kweli, kumi na sita.

"Kumi na sita ilikuwa Jumapili," akasema. "Benki haifungui Jumapili."

Nikamweleza yote, mtandao kukata, mhuri kukauka, mhuri wa kwenye droo. Nilieleza mpaka nikaanza kujisikia mwongo mwenyewe.

"Mama, mihuri siku hizi inachongwa mitaani. Sahihi mtu yeyote anachora. Ungekuwa mtu mwingine ningeita polisi. Kunywa maji, nenda nyumbani, fikiria vizuri pesa uliipeleka wapi."

Jamani! Fikiria vizuri pesa uliipeleka wapi!

"Basi muiteni karani mwenyewe," nikasema. "Yule mjamzito."

"Yuko likizo ya uzazi. Walio likizo hatuwapigii simu. Ni haki yao."

"Kamera je?"

"Kamera zinahitaji kibali cha makao makuu. Andika barua."

Nikaandika barua. Nikaipeleka. Wakaigonga mhuri kwamba wameipokea, na safari hii tarehe niliiangalia mara nne. Barua itajibiwa ndani ya siku thelathini, wakaniambia. Na kwa fundi wa mashine zilikuwa zimebaki siku kumi tu.

Nikamkumbuka muuza nyama. Alikuwa nyuma yangu, lazima mhuri ule ule ulimpitia. Risiti yake ikionyesha Jumapili, nimepona! Nikakimbia sokoni mpaka kandambili zikanipasukia.

Nikamkuta anakata mbavu.

"Risiti ya Ijumaa?" akasema bila kuacha kukata. "Pesa iliingia jioni ile ile, nikaitupa. Ya nini tena?"

"Tarehe uliiona?"

"Dada, pesa ikishaingia nani anaangalia tarehe?"

Nikaokota kandambili zangu, nikarudi.

Nyumbani nako kulikuwa kunaungua. Mwanzo Wifi alikuwa upande wangu kabisa, anaitukana benki kuliko mimi. Wiki ya pili akapunguza matusi. Wiki ya tatu akanyamaza, na wifi yangu akinyamaza ujue kuna jambo.

Bi Pasi akaanza kuondoka na mapato yake ya siku. Zamani tulikuwa tunayaweka yote kwangu mpaka Jumamosi. Alikunja noti zake, akazitia kifuani, akaniaga kwa heshima zote. Ile heshima iliniuma kuliko tusi.

Siku moja nikasikia mteja mlangoni anamwambia mwenzake, "Kumbe sanduku lina tundu." Wakacheka. Niliendelea kupanga mashati kama sijasikia.

Halafu siku hiyo hiyo, Wifi akaja kusimama mbele ya meza yangu. Vidole amevifunga vitambaa, viwili vimelowa.

"Wifi, niambie tu," akasema. "Kama ulikuwa na shida, ungesema. Tungekusaidia."

"Shida gani?"

"Sijui. Wewe ndiye unajua."

"Wifi, miaka yote hii, wewe unanijua."

"Nilikuwa nakujua," akanijibu, akarudi kwenye beseni.

Nililia pale pale juu ya daftari la wateja. Benki kuniita mwizi ilinikasirisha, nilikuwa na uwezo wa kuwatukana moyoni nikalala. Lakini huyu! Huyu nilimshika mkono siku anaolewa.

Na angefanyaje? Pesa niliondoka nayo mimi. Risiti inasema Jumapili. Hata mimi ningejishuku.

Mwisho wa mwezi ukafika. Fundi wa mashine akanipigia. "Mama, nimekusubiri mpaka nimechekwa. Kuna mtu ana pesa tayari benki, na mimi nina shida." Nikamwambia ngoja siku mbili. Akasema pole. Mashine ikaenda.

Wifi alisikia mazungumzo, akachukua dawa ya kung'arishia, akaimimina kwenye beseni, akaingiza mikono.

Siku tatu baadaye akaingia mteja. Mwanamke mwenye gauni pana la nyumbani, kichwa kimefungwa kitambaa, mtoto mchanga begani, anatembea polepole kama mtu anayehesabu hatua. Akanipa lebo namba arobaini na moja.

"Mdogo wangu alizileta, akaahidi kuzifuata, asizifuate. Vijana hawa! Nimeona nije mwenyewe."

Nikashusha furushi lake. Mashuka, magauni mapana, koti jeusi. Nikafungua kopo, nikatoa bahasha namba arobaini na moja.

"Na hivi vilikuwa mfukoni mwa koti," nikasema. "Hatujavigusa."

Akaifungua kwa mkono mmoja. Ikadondoka kalamu. Kisha karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya meza yangu.

Yule mama aliganda. Mtoto akaanza kulia, hakumsikia.

"Mungu wangu," akasema. "Ilikuwa huku?"

Nikachungulia. Na mimi nikaganda. Mwandiko ulikuwa wangu. Kiasi kilikuwa changu. Mhuri ulikuwa wa Jumapili.

Nikanyanyua macho, nikamtazama vizuri. Mtoe kitambaa, mrudishe tumbo, mweke nyuma ya kioo.

Karani!

"Ni wewe," nikasema.

"Ni wewe wa uzi mwekundu?" akaniuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama, nisamehe. Mtandao ulipokata nilikuwa na nakala nne. Feni inazirusha, nikazitia mfukoni. Mtandao uliporudi nikaingiza tatu, nikadhani nimemaliza. Jioni kufunga hesabu nikakuta ziada, noti mia mbili na kumi. Nimetafuta nakala mpaka chini ya meza. Uchungu ukanishika pale pale kazini, nikakimbizwa hospitali."

"Na ziada ukamwambia nani?"

"Meneja. Niliijaza fomu, akaweka sahihi mbele yangu. Akaniambia nenda kajifungue, mwenyewe akija tutamjua."

Nilisikia beseni limeanguka nyuma. Wifi alikuwa amesimama, mikono inachuruzika povu, amesikia kila neno.

Hatukufunga hata duka. Bi Pasi alibaki na pasi ya moto na mdomo wazi. Sisi watatu na mtoto tukashika njia ya benki, karani na gauni lake la nyumbani, Wifi na povu lake.

Mlinzi akataka kutuuliza tuna ahadi na nani. Wifi akamtazama tu, na mlinzi akatupisha.

Meneja alipomwona karani akatabasamu. Alipoiona nakala, tabasamu likabaki nusu. Karani akamwambia, "Ni ile ziada ya Ijumaa. Fomu uliweka sahihi wewe."

Meneja akafungua kabati, akatoa faili, akafunua. Karatasi ya tatu tu kutoka juu. Ijumaa, tarehe kumi na nne. Ziada, noti kubwa mia mbili na kumi. Mwenyewe hajulikani.

Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunimiminia ile glasi ya maji.

"Aaa, kumbe ni wewe mama!" akasema, tena kwa furaha. "Tulikuwa tunakusubiri!"

"Mnanisubiri? Nimekuja hapa mara kumi na moja!"

"Ndiyo, lakini ulikuja na risiti ya Jumapili. Sisi tulikuwa tunamsubiri mtu wa Ijumaa."

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Na hakuwa anatania.

Mpaka leo sijui kama alijua akanikalia kimya, au alikuwa mvivu tu wa kufungua kabati. Sijui pia lipi ni baya zaidi.

Basi bwana, hapo nikalipuka. Yote niliyoyameza wiki zote hizo yakatoka. Wateja nje wakasogea kusikiliza.

"Mimi ni dobi!" nikamwambia. "Sijasoma kama wewe. Lakini nikikuta cha mtu mfukoni, nakijua si changu. Wewe umekuta pesa ya watu, umeifungia kabatini, umekaa! Unasubiri mwenyewe aje! Mtu mwenye akili anakaaje na mali ya mtu wiki tatu nzima bila kumtafuta mwenyewe?"

Nikasikia mtu ananivuta gauni. Wifi.

"Wifi," akaninong'oneza. "Na ile bahasha je?"

Nikashusha kidole nilichokuwa nimemnyooshea meneja.

Karatasi ile ilikuwa kwenye kopo langu tangu Jumamosi ile ya kwanza, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Nililia juu ya daftari, na kopo liko pembeni linanitazama. Yeye ndiye aliyeitoa mfukoni, yeye ndiye aliyetaka kuchungulia, na mimi ndiye niliyesema tia bahasha. Halafu nikaiweka, nikakaa, nikisubiri mwenyewe aje.

Kama meneja.

Pesa iliingia siku hiyo hiyo. Meneja alituagizia soda, tukaziacha mezani. Barua yangu ilijibiwa siku ya ishirini na tisa. Walisema malalamiko yangu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.

Tukatembea na Wifi mpaka mlangoni kwetu. Ndipo akasimama. "Nilikukosea," akasema. "Nilikuita mwizi moyoni. Kila siku, nikifua."

"Hata mimi ningekuita."

"Usinirahisishie. Nilikukosea."

Tukakumbatiana, akanipaka povu mgongo mzima.

Mashine tulipata nyingine, ndogo, baada ya miezi miwili. Mikono ya Wifi imepona, isipokuwa kidole kidogo cha kulia. Hicho hakikunjiki tena. Daktari alisema ni ile miezi miwili ya mwisho ndiyo iliyokimaliza. Akishika kikombe kidole kinabaki kimesimama peke yake, na watu wanamtania kwamba anajifanya malkia. Anacheka. Mimi sicheki.

Nilimwahidi vidole kumi. Nimemrudishia tisa.

Watu waliosikia kisa hiki huniambia, sasa umejifunza, uwe unasoma unachokuta mifukoni. Hapana. Sheria ya mama iko pale pale, na karatasi ya mtu bado siisomi.

Ila nimeongeza kipande ambacho mama alikisahau. Bahasha hailali zaidi ya siku mbili. Tunaandika simu ya kila mteja, na asiyekuja, tunamfuata mpaka kwake. Wifi ndiye anayezungusha, mashine imempa nafasi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna cha mtu umekikalia, iwe pesa, iwe funguo, iwe neno ulilotakiwa kumfikishia, usijisifu kwamba umemtunzia. Kumtunzia mtu ni kumtafuta. Kukaa nacho ukisubiri aje, hata kama mikono yako ni misafi, kunaweza kumgharimu kidole.

Na ukigongewa mhuri, angalia tarehe kabla hujatoka dirishani.